Hajali sio ajali, ndugu zangu

Mwaka wa tisa huu nipo kwenye steshenari, kazi yangu kubwa ni kuwachapia watu barua, mikataba ya kupanga nyumba na matangazo, na kuna kitu kinaniumiza kila siku nimeona leo nikiseme. Tumekuwa wazembe mno na maneno. Sizungumzii lugha ya mtaani, hiyo hata mi naongea nikiwa kijiweni. Nazungumzia mtu anakuletea karatasi ya kumwomba bosi wake ruhusa, kaandika mdogo wake "kapata hajali". Hajali ni yule asiyejali jamani, aliyegongwa na bodaboda kapata ajali. Mwingine anauza gari, kaandika "haina ya gari", mnunuzi akisoma anaelewa kuna kitu gari haina.

Halafu kuna kijana anaomba kazi, anasema yuko tayari kufanya kazi "mahari popote". Nikamwambia, mdogo wangu, mahari inapelekwa ukweni, wewe unataka kusema mahali. Akanijibu, kaka si wataelewa tu. Hiyo "wataelewa tu" inaniudhi kuliko kosa lenyewe, maana kukosea kila mtu anakosea, mi mwenyewe nimekulia Tarime, l na r zinanipishana mdomoni toka utotoni na sioni aibu mtu akijua nilikotoka kwa nilivyotamka. Ila barua haina lafudhi, anayeisoma hakusikii, ana hiyo karatasi tu mkononi.

Nilijifunza kwa kuumia. Kazi yangu ya kwanza niliandika "nimewakilisha ripoti", bosi akaizungushia kalamu nyekundu akaniuliza mbele ya wenzangu, ripoti umeisimamia wapi? Anayewakilishwa ni mtu, ripoti inawasilishwa.

Na wanaokimbilia Kiingereza wakidhani huko ndo salama, hali ni ileile. Barua nyingi ninazoletewa zinaanza na "Am writing to apply", ile I haipo kabisa, kwa sababu kwenye simu tumezoea "am fine", "am coming", mpaka mtu haoni tena kama kuna neno limepotea.

Watu watakushauri usome kwa sauti kabla hujatuma. Soma, lakini haitoshi, kosa lililoshazoea mdomo wako hata sikio lako halilishtukii. Mi nina daftari, ukurasa wa mwisho nimeandika maneno yanayonishinda mimi, kula na kura, thamani na dhamana, athari na hadhari, na nikifika kwenye mojawapo nasimama nafungua kamusi. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo toka 1967, kamusi sa hivi zipo mpaka kwenye simu, kwa hiyo hapo hatuna cha kusingizia. Anza na maneno matano tu, yako wewe, sio ya mwenzio.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata na barua nyingine, kaiandika upya yote kwa mkono, na neno mahali kalipigia mstari chini ili na mimi nisije nikalikosea kwenye kuchapa.