Muulize Mwalimu: Shule haina ziro, ziro zimekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza viazi Uyole, Mbeya. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule binafsi ya bweni. Kapata wastani wa 54, shule inataka 60. Mkuu wa shule anasema akariri darasa au nimhamishe. Getini kuna bango: "Divisheni ziro: HAKUNA", yaani hakuna aliyefeli mtihani wa kidato cha nne. Ada nimeshamaliza, na viazi msimu huu bei imeanguka. Nifanyeje? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Pole. Kwanza, kwa Baraza la Mitihani 54 ni C. C inaanzia 45. Binti hajafeli. Shule inaogopa tu kwamba atawaharibia bango.

Mimi nimekuwa mwalimu wa taaluma hukuhuku Nyanda za Juu, mchezo huu naujua. Januari 2023, Baraza lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule kumi bora. Nilifurahi sana. Lakini mabango hayakushuka, na wazazi (tusidanganyane) ndio tunaoyasoma kwanza kabla ya kuuliza maabara ikoje.

Mtafute kijana mwenye bando afungue tovuti ya Baraza. Aangalie shule hiyo ilikuwa na watahiniwa wangapi kidato cha pili, kisha kidato cha nne miaka miwili baadaye. Tuseme walikuwa 90 wakabaki 60. Hao 30 wako wapi? Mmoja mzazi kahamishwa kikazi, mwingine ada imemshinda, sawa. Pengo likijirudia kila mwaka, basi bango limetengenezwa kwa kupunguza watoto. Wapo wanaoishia kuandikishwa kama watahiniwa wa kujitegemea: namba inaanza na P badala ya S, na matokeo yao hayaingii kwenye hesabu ya shule.

Wizara ya Elimu imekwisha kuzikataza shule kumkaririsha au kumwondoa mtoto kwa sababu ya wastani wa shule yenyewe. Kwa hiyo usisaini fomu yoyote ya uhamisho. Mwombe mkuu wa shule akuandikie barua yenye sababu na mhuri. Wengi hapo hulainika ghafla. Akiandika, ipeleke kwa Afisa Elimu Sekondari wa Jiji, na nakala kwa wathibiti ubora wa shule.

Halafu niandikie alama zake somo kwa somo. Nahisi ni hesabu inayomvuta chini, na hiyo tutaizungumza.