Kodi Inagawanyika, Sevisi Je?

SWALI: Shikamoo wakili. Nimepanga kiwanja chenye banda, nafanyia gereji. Kwa mkataba wangu na mzee mwenye kiwanja, nalipa kodi ya mwaka, na juu yake nalifanyia gari lake sevisi moja bure. Sasa mzee amewagawia wanawe watatu. Mkubwa kapata kipande cha mbele, kidogo lakini kiko barabarani. Wenziwe wamepata vya nyuma. Wadogo wanataka kodi ikatwe mafungu matatu sawa, mkubwa hataki. Wote watatu wameniletea magari! Tena kodi ya mwaka huu nilishamlipa mzee kabla sijasikia lolote, nao wanasema haihesabiki. — Fundi

JIBU: Marahaba, fundi. Swali lako limenikumbusha mfano ulio ndani ya Sheria ya Uhamisho wa Mali ya India ya 1882, kifungu cha 37. Nyumba ya kijijini imepangishwa kwa rupia 30 kwa mwaka pamoja na kondoo mmoja aliyenona. Wanainunua watu watatu, mmoja akitoa nusu ya fedha na wawili robo robo. Mpangaji akishajua hivyo, atawalipa rupia 15, 7.5 na 7.5. Na kondoo? Hachinjwi mafungu, wala hazai wawili wengine. Anapelekwa watakakoelekeza wote watatu kwa pamoja.

Sevisi yako ndiyo huyo kondoo. Mzee ulikuwa ukimfanyia moja, na kugawana kwao hakuwezi kukuongezea mzigo zikawa tatu. Wakae wenyewe, wakuambie ni gari la nani.

Kuhusu kodi, kipimo ni thamani ya fungu, si ukubwa wake. Kama kile cha mbele kina thamani sawa na viwili vya nyuma vikijumlishwa, mkubwa anastahili nusu. Mafungu sawa yanawezekana pia, ila wawe wamepatana wote watatu. Nawe dai karatasi yenye sahihi zao zote, usitegemee maneno ya wawili.

Fedha uliyokwisha kulipa isikukoseshe usingizi. Kwa kifungu hichohicho, anayedaiwa halaumiwi kwa kutowalipa wamiliki wapya mpaka apewe taarifa ya kutosha kwamba mali imegawanyika. Wewe hukupewa. Tunza risiti yenye tarehe, wao wamalizane na baba yao. (Wanaokodi mashamba ya kilimo wasikimbilie jibu hili: kanuni hii haiwahusu mpaka serikali iagize hivyo.)

Hakimu atafuata sheria ya mahali kiwanja kilipo, kwa hiyo mpelekee wakili wa huko mkataba wako ausome kabla hamjafikishana mbali. Ila gereji usiifunge. Likishachaguliwa gari la bure, yale mawili yapokee tu, na uwaandikie bei.