Jibu: Kwa nini Haddix alifungwa 1-0 na si 3-0
Habari ndugu. Umekwama hapa, kwenye mechi ya besiboli: mpira aliopiga Joe Adcock ulivuka uzio (kwa kawaida hapo mpigaji na wakimbiaji wote hufunga) huku wenzake wawili wakiwa vituoni, mbona Milwaukee Braves waliandikiwa 1-0 tu? Acha mpira, angalia kwanza wakimbiaji. Hata mimi nilihangaika hadi nilipofuata nyayo za Hank Aaron, mmoja wa wakimbiaji hao wawili. Felix Mantilla, yule wa pili, alipokuwa anafunga, Aaron alidhani mambo yamekwisha, akaiacha njia baada ya kituo cha pili. Adcock akampita, na ukimpita aliye mbele yako umetolewa. Pigo likahesabiwa la vituo viwili, ikabaki pointi ya Mantilla pekee.

Usiku ule, 26 Mei 1959, Harvey Haddix, mrushaji wa Pittsburgh, alikuwa amewatoa wapigaji 36 mfululizo, awamu 12 bila doa, akaanguka ya 13. Inaniuma hadi leo.