Mwache achore, kisha akusimulie

Ukimwambia mtoto "chora mazingira", utaletewa milima miwili, jua la konani na nyumba yenye paa la pembetatu. Ni picha ya kukariri, haina habari zake mwenyewe. Siku hizi mimi husema: "Nichoree mahali pa nje unapopapenda, na wewe mwenyewe uwemo."

Tazama amejiweka wapi: juu ya mti, kando yake, au dirishani akichungulia? Tazama na ukubwa wa vitu. Watoto wa miaka 5 hadi 7 hivi mara nyingi hukikuza kile kinachowagusa. Binti mmoja niliyemfundisha alichora mchwa wakubwa kuliko mlango, na ardhi akaipasua ili tuone vyumba vyao na mayai. Umri huo huchora hata kisichoonekana, mradi wanajua kipo. Aliposimulia, kumbe kila jioni huchuchumaa nyuma ya nyumba akiwafuata mpaka shimoni. Mtihani gani ungenipa habari hiyo?

Ukimuuliza "hiki ni nini?" atadhani amekosea. Sema "nisimulie", halafu nyamaza (kwa sisi walimu hapo ndipo penye kazi). Maneno yake yaandike nyuma ya karatasi, pamoja na tarehe. Baada ya miezi kadhaa mpe ombi lilelile, uone kilichoongezeka na kilichotoweka.

Ila usigeuke mpiga ramli. Jua jeusi si lazima liwe huzuni. Pengine krayoni ya njano imepotea.

Wakifika miaka 9 au 10 wengi huanza kufutafuta na kusema hawajui kuchora. Hao usiwalazimishe. Wape karatasi waiweke juu ya gome la mti, waisugue kwa ubavu wa krayoni mpaka mistari ya gome itokeze. Au wachekeche udongo, wauchanganye na gundi nyeupe na maji kidogo, wapate rangi. Wakishaanza kusaka udongo mwekundu, mweusi na wa kijivu, hutawazuia tena kutazama chini. Majani mabichi nayo ukiyasugua kwenye karatasi huacha kijani, ambacho hupauka siku zikipita, na maswali hapo hayaishi. Mimea yenye utomvu mweupe iepukeni, baadhi yake huwasha ngozi na kuumiza macho.

Kabla ya kubandika picha ukutani, omba ruhusa. Wapo wasiotaka maficho yao yajulikane.