Shangazi, ananikumbatia kama anamcheulisha mtoto

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Katonga hapa Kigoma, mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Zamani akirudi ziwani alikuwa ananikumbatia mpaka namwambia niache nipumue. Siku hizi ni mkono mmoja, bega kwa bega, halafu ananipigapiga mgongoni kama anamcheulisha mtoto. Mwezi uliopita nimemkuta mwaloni amekumbatiana na mama mmoja mnunuzi kutoka Kongo, mikono miwili, shavu huku shavu huku, wanacheka. Siku hiyo sikupika. Nyumbani tupo sisi, watoto wawili na mama mkwe aliyehamia baada ya Ramadhani. Ndiyo nimeachwa hivyo?*
*Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo mama wa Kongo, maana ndiye aliyewalaza watoto njaa. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanakumbatiana kama sisi tunavyopeana mikono. Huku kwetu mtu atainama, akuulize habari za nyumba nzima, na bado hajakugusa bega. Yeye anakuja kifua mbele. Mumeo akijivuta nyuma, mteja anaona ameringiwa, kesho ndoo zake anajaziwa na mwingine. Halafu walikuwa mchana kweupe, mwalo mzima unaona. Mwenye la kuficha hadharani hujifanya hata jina la mwenzake halijui.

Hilo la kupigapiga sasa. Mara nyingi maana yake ni "haya, basi". Watazame vijana pale Mwanga wakipeana hagi: wanagongana bega, mgongoni paa paa, wameshaachana. Ni salamu ya marafiki, na mke akipewa hiyo ana haki ya kushtuka. Ila usianze kumhesabia muda. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alipima kwenye video jinsi wanamichezo walivyokumbatiana katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akakuta wastani ni kama sekunde 3 tu. Na hao walikuwa na medali shingoni!

Lakini kuna jambo umelitaja mwishoni na kulipita mbio: mama mkwe. Amehamia baada ya Ramadhani. Hiyo "siku hizi" yako ilianza lini? Mwanamume wa kwetu ambane mkewe kifuani huku mama yake yuko mkekani anavuta tasbihi? Ningeshangaa angefanya. Anachokupa hapo sebuleni ni kumbatio la kaka kwa dada, la heshima, la kupita. Ongeza na usiku kucha kwenye taa, magamba mpaka kwenye nyusi. Mimi mwenyewe niliolewa na mtu wa ziwa. Aliwahi kunisukuma taratibu akasema "subiri nioge", nikanuna siku tatu. Bure kabisa.

Ambalo hukuniambia ndilo ninalolitaka: mlango wa chumbani ukishafungwa, inakuwaje? Kama huko bado mikono ni miwili, mwanangu, pika. Kama na huko ni bega, na anakukwepa macho, basi kuna kitu, lakini usikimbilie kusema ni mwanamke. Nyavu za mkopo huwa zinamkausha mtu mwili mzima. Kuumwa pia.

Muulize, ila si asubuhi anaposhuka kwenye mtumbwi, wala si mwaloni. Ngoja mbalamwezi iwake, wasiende ziwani, awe ameshalala usingizi wa kutosha. Mwambie, "Nimelikosa lile kumbatio lako la kunibana." Mama wa Kongo usimtaje. Na mkono ule ukianza kupigapiga, ushike, uutulize pale pale mgongoni.