Ekzosi ya Datsun 240Z: anzia kwenye silinda hedi, sio bomba la nyuma

Mkuu, umesema Datsun 240Z yako ya 1972, ile gari ya spoti, imeshatua, inavuta kivivu, na fundi anataka ang'oe ekzosi yote akuwekee bomba la inchi 3 kutoka mbele mpaka nyuma bila sailensa "ili ipumue". Naomba usimruhusu kwanza. Mi ninayo ya 1971, niko nayo hapa Arusha mwaka wa tisa sasa, nimebadilisha ekzosi mara tatu na hizo mbili za mwanzo hela ilienda bure kabisa, kwa hiyo nakuandikia kirefu.

Hii gari naipenda tangu sijaiona. Mzee wangu alikuwa anasimama barabarani kuangalia mbio za magari za Safari Rally enzi hizo inazunguka nchi zetu zote tatu, na 240Z ilishinda mara mbili, 1971 na Edgar Herrmann, 1973 na Shekhar Mehta, tena hiyo ya 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mzee anasema ulikuwa unaisikia kabla hujaona vumbi. Mlio ule ndio nilikuwa nautafuta, na nilidhani unatoka kwenye ukubwa wa bomba. Sio kweli.

Injini yako ni L24, 2393 cc, silinda 6 mstari mmoja, na moto unapiga hivi: 1-5-3-6-2-4. Ziangalie hizo namba taratibu. Moja ya mbele, tano ya nyuma, tatu ya mbele, sita ya nyuma, mbili ya mbele, nne ya nyuma. Yaani kundi la 1, 2, 3 na kundi la 4, 5, 6 yanapokezana, hakuna silinda mbili za kundi moja zinazotoa moshi kwa kufuatana. Ndio maana hedazi nzuri ya hii injini (yale mabomba yanayotoka kwenye kila silinda na kuungana) inakusanya tatu za mbele kwenye bomba moja na tatu za nyuma kwenye lingine, afu mabomba hayo mawili yanashuka pamoja mpaka chini ya giaboksi ndipo yanakutana. Hapo ndipo nguvu ilipo na hapo ndipo mlio ulipo, huku nyuma unakuja kuuchuja tu.

Mara ya kwanza niliacha manifoldi ya zamani (lile chuma linalokusanya moshi wa silinda, ambalo hedazi inachukua nafasi yake) nikaweka inchi 3 nyuma. Gari ikapiga kelele kweli kweli lakini ule mlima wa Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu, ambao nilikuwa naupanda na gia ya tatu bila shida, nikawa narudi ya pili. Bomba likiwa pana kuliko moshi unaozalishwa, moshi unakosa kasi, na moshi wenye kasi ndio unaovuta ule unaofuata. Kwa L24 ambayo haijachongwa sana, inchi 2 na robo mpaka 2 na nusu inatosha kabisa, mi sasa niko kwenye 2 na nusu na siongezi.

Mara ya pili nikanunua hedazi, fundi akafunga, tukafurahi, baada ya wiki ikaanza tik tik tik asubuhi ikiwa baridi, ikipata moto inapungua. Kila nikiachia mafuta kushuka mteremko inalipuka nyuma pa pa pa. Fundi akasema ni kabureta. Tumechezea kabureta miezi miwili! Kumbe tatizo liko hapa, na hapa naomba usome mara mbili: kwenye hii injini inteki (njia ya kuingizia hewa na mafuta) na ekzosi ziko upande mmoja, zinakaa kwenye gasketi moja, na kuna studi (bolti zisizo na kichwa) zinazobana flenji (bapa za kufungia) zote mbili kwa pamoja kwa washa moja nene, nusu ya washa inakaa juu ya flenji ya inteki, nusu nyingine juu ya flenji ya hedazi. Sasa kama flenji hizo hazina unene sawa, washa inalala upande, inabana moja na nyingine inabaki imeegeshwa tu. Nilipopima unene na venia (rula ya kupimia vitu vidogo), hedazi yangu ilikuwa nyembamba kuliko inteki kwa karibu milimita 3. Nilipofungua gasketi ilikuwa na ulimi wa masizi meusi kwenye silinda ya 6, kama mtu kapaka mkaa kwa kidole. Nikapeleka washa kwa mchonga vyuma akazikata ngazi ili kila upande ubanwe, nikaweka gasketi mpya, tik tik ikaisha siku hiyo hiyo na ile milipuko ikaisha nayo, maana hewa ilikuwa inaingia kwenye ufa na kuwasha mafuta yaliyobaki ndani ya bomba.

Kabla hujanunua kitu chochote chukua hosi ya maji kama mita moja, weka sikioni, washa injini ikiwa bado baridi, pitisha ncha nyingine kwenye kila tundu la ekzosi, taratibu, mbali na feni. Panapovuja utapasikia. Inawezekana uvivu wa gari lako wote ni huo.

Ukija kung'oa studi usitumie nguvu, hedi ni ya alumini na studi ni chuma cha miaka hamsini, mimina mafuta ya kulegeza siku mbili kabla. Mi nilikata moja. Na angalia matundu ya hedi yako, za 240Z kwenye ekzosi ni ya mraba, kuna hedazi zinauzwa za hedi za baadaye zenye matundu ya duara, usichanganye. Ile bati ya kukinga joto chini ya kabureta usiitupe, kabureta ziko juu ya ekzosi moja kwa moja, bila hiyo bati ukizima gari ikiwa moto mafuta yanachemka na haiwaki tena mpaka ipoe.

Halafu moshi. Hili silisemi kirahisi. Tulikuwa tunaenda Tanga na mke wangu, bomba langu la nyuma liliishia chini ya bampa, kufika Mombo kichwa kinamuuma, kichefuchefu, anasinzia sinzia. Umbo la nyuma la hii gari linarudisha hewa ndani ikitembea, na ukifungua vioo inavuta zaidi. Kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu. Nilibadilisha raba ya mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma, na nikalitoa bomba nje ya bampa kabisa. Hivyo vitatu fanya kabla ya safari yoyote ndefu.

Sailensa weka, na nyingine ndogo ya katikati, la sivyo kwenye mizunguko kama 3000, spidi ya safari, kuna mngurumo unakaa kichwani saa nzima. Kona nunua zilizokunjwa bila kubonyea, usikubali bomba likunjwe mpaka libane, na welding iwe ya gesi ya arigoni, ya kijiti inatoboa bomba jembamba. Hedazi ining'inie kwenye kishikizo kutoka giaboksi, isibebwe na studi peke yake, na upime nafasi ya chini kwa ajili ya matuta.

Ukimaliza, kabureta zianzie nati ya chini ya kurekebishia mafuta mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa, afu usome rangi ya plagi. Mi nilizipanga hapa Arusha kwenye mita 1,400, nilipofika Tanga usawa wa bahari zikawa na njaa ya mafuta, nikashusha nati robo mzunguko kila upande ikatulia. Baada ya kilomita 300 zirudie kuzikaza nati zote za manifoldi injini ikiwa baridi. Nyingi utakuta zimelegea.