Chokaa iliniruka jichoni, mbona ukungu hauishi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni saidia fundi, huu mwezi wa tatu tangu chokaa iniruke jicho la kushoto, nilijimwagia maji kopo moja nikaenda kulala. Mke wangu alikwaruzwa jicho na jani la muhindi shambani, siku mbili tu kapona, mimi mpaka leo naona ukungu na kuna vimishipa vyekundu vinatambaa kwenye cheusi cha jicho. Wanasema nikabadilishiwe kioo cha jicho yaishe, ni kweli?

JIBU: Marahaba, pole sana ndugu yangu. Kile kioo, yaani konea, kina ngozi nyembamba sana kwa juu, na mbegu za kuiotesha hazikai katikati, zipo pembeni pale cheusi kinapokutana na cheupe, panaitwa limbasi, ndo kitalu chake. Mkeo kitalu chake kilibaki kizima, ngozi ikatambaa toka pembeni ikaziba mkwaruzo. Chokaa sasa, ile inapenya na kuendelea kuunguza wakati we umeshalala, na kitalu kikiungua ngozi ya cheupe inavamia kioo pamoja na mishipa yake, nahisi ndo hivyo unavyoviona. Kwa hiyo konea mpya peke yake haitoshi, inakuja bila mbegu na ukungu utarudi.

Lakini usikate tamaa! Mwaka 1997 huko Italia watafiti Graziella Pellegrini na Michele De Luca walionyesha kwamba unaweza kuchukua kijipande cha limbasi toka jicho la mgonjwa lisiloungua, ukaotesha seli, yaani zile mbegu, maabara, ukazipandikiza kwenye jicho lililoungua. Matokeo ya 2010, wagonjwa 112, kama robo tatu walifanikiwa, wengi wao walikuwa wameungua kama wewe, na 2015 Ulaya ikairuhusu kama tiba. Ila ni ghali mno. Mi nayoipenda zaidi ni ya Hyderabad, India, iliyotangazwa 2012, hawahitaji maabara, kijipande wanakikatakata vipande vidogo wanavibandika kwa gundi juu ya utando wa kondo la nyuma uliolazwa kwenye jicho, seli zinaota humohumo.

Jicho la kulia ni zima? Basi tafuta bingwa wa konea umuulize habari ya limbasi, na matone ya stiroidi usijinunulie dukani. Na ukirukiwa tena hapo saiti, maji palepale, nusu saa bila kuacha, pindua na kope la juu maana punje za chokaa hujibanza humo, halafu ndo ukimbilie hospitali.